Jina Mlangoni, Weupe Chumbani: Uhakiki wa Kufifia kwa Mapambo ya Kimaudhui katika Hoteli za Walt Disney World

Ikisiri

Makala hii inahakiki mabadiliko ya mapambo ya vyumba vya kulala katika hoteli za Walt Disney World, jimboni Florida, Marekani. Hoteli hizo zilijengwa kwa msingi kwamba kila moja isimulie mahali au kipindi fulani, na kwamba usimulizi huo umfikie mgeni hadi kitandani. Katika ukarabati wa miaka ya karibuni, vyumba vingi vimepungukiwa na usimulizi huo: baadhi vimekuwa vyeupe visivyo na kwao, na vingine vimepewa picha za wahusika wa filamu za kampuni. Kwa kutumia dhana mbili za uhakiki wa fasihi, mandhari na mhusika, makala inadai kwamba kilichopotea si urembo pekee, bali ni nafasi ya mgeni kuwa mhusika na nafasi ya mahali kutambuliwa kuwa chanzo. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge inachunguzwa kwa kina zaidi, kwa kuwa majina yake mengi ni ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Walt Disney World ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ilikuwa na hoteli mbili zake yenyewe: Contemporary, iliyokusudiwa kuonyesha maisha ya wakati ujao, na Polynesian Village, iliyokusudiwa kuonyesha visiwa vya Pasifiki ya Kusini. Vyumba vya hoteli zote mbili vilitengenezwa kwa mbinu moja. Kampuni ya chuma ya U.S. Steel iliviunda kama visanduku vya fremu za chuma katika karakana iliyokuwa karibu na eneo la ujenzi, kisha vikasafirishwa na kupandishwa kwa winchi hadi mahali pake. Kilichokifanya kisanduku kimoja kiwe wakati ujao na kingine kiwe kisiwa kilikuwa mapambo: rangi, vitambaa, samani, taa na picha za ukutani.

Jambo hilo la kihistoria ni muhimu kwa mjadala huu. Mazungumzo ya kawaida kuhusu mapambo huyachukulia kama nyongeza, kitu kinachoweza kuondolewa bila kukigusa kiini cha nyumba. Katika hoteli za aina hii hali ni kinyume chake. Mapambo ndiyo yaliyobeba maana, na kisanduku kilikuwa chombo tu. Yanapoondolewa, kinachosalia ni kile kilichoshushwa na winchi.

Katika makala hii, istilahi "mapambo ya kimaudhui" inatumika kwa maana ya mpangilio wa vitu vyote vinavyoonekana chumbani kwa lengo la kusimulia mahali, kipindi au hadithi moja. Hoja kuu ni kwamba mapambo ya namna hiyo yamefifia kwa njia mbili tofauti, na kwamba kuzichanganya njia hizo kumewafanya wengi waone suala la ladha pale ambapo pana suala la umiliki wa maana.

2.0 Chumba kama Matini

Bryman (2004), katika kitabu chake kuhusu kuenea kwa mtindo wa Disney katika jamii, anaiweka mbinu ya kuvisha mahali maudhui kuwa ya kwanza kati ya sifa nne za mtindo huo. Nyingine ni kuunganisha aina mbalimbali za matumizi ya fedha, kuuza bidhaa zenye nembo, na kuifanya kazi ya mhudumu iwe ya kiuigizaji. Nao mkusanyiko uliohaririwa na Marling (1997) unauona usanifu wa bustani za Disney kuwa ni usanifu wa kumtuliza mtu, yaani wa kumpa mgeni hisia kwamba dunia ina mpangilio na kwamba yeye yuko salama ndani yake. Kazi zote mbili zinasaidia kueleza kwa nini hoteli zivishwe maudhui. Hata hivyo, chumba cha kulala kinahitaji zana nyingine, kwa sababu ndani yake mgeni yuko peke yake, hana mhudumu wa kumwigizia wala gwaride la kutazama.

Zana hizo zinapatikana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mhakiki anaposoma riwaya hutofautisha mandhari, yaani mahali na wakati wa matukio, na wahusika, yaani wanaotenda. Mandhari hayatendi lolote. Kazi yake ni kumfanya mhusika aweze kutenda. Chumba chenye mapambo ya mahali kinafanya kazi hiyo hiyo. Kinampa mgeni mandhari na kumwachia nafasi ya mhusika: aliyelala katika nyumba ya magogo ya msituni ni msafiri wa msituni, na aliyefungua dirisha lenye mapazia ya kisiwani ni mgeni wa kisiwa. Hadithi haijaandikwa mwisho wake, kwa maana mwenye kuiishi ndiyo kwanza ameingia na mizigo yake.

Huu ndio uliokuwa msimamo wa kampuni katika kipindi cha upanuzi chini ya Michael Eisner, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1984 hadi 2005. Wasanifu majengo wenye majina makubwa walialikwa. Michael Graves alisanifu hoteli za Swan na Dolphin, zilizofunguliwa mwaka 1990, na mkono wake haukuishia kwenye sanamu kubwa za mapaani, bali uliingia hadi ndani. Robert A. M. Stern alisanifu Yacht Club na Beach Club, zilizofunguliwa mwaka huohuo. Peter Dominick alisanifu Wilderness Lodge, iliyofunguliwa mwaka 1994, kwa kufuata mahoteli ya mbao ya hifadhi za taifa za magharibi mwa Marekani. Katika kazi hizi zote, jengo na chumba vilikusudiwa kusema neno moja.

3.0 Njia ya Kwanza: Kutoka Mandhari hadi Wahusika

Njia ya kwanza ya kufifia ni ile ambayo mahali panaondolewa na nafasi yake inachukuliwa na filamu. Mfano ulio bayana ni hoteli ya Polynesian yenyewe. Vyumba vyake vilifunguliwa upya mwaka 2021 vikiwa na picha na nakshi zinazotokana na filamu ya Moana ya mwaka 2016. Mwaka huohuo vyumba vya Contemporary vilipewa familia ya mashujaa wa filamu ya The Incredibles. Nje ya Marekani, Hotel New York ya Disneyland Paris, iliyosanifiwa na Graves na kufunguliwa pamoja na bustani hiyo mwaka 1992, ilifunguliwa tena mwezi Juni 2021 ikiwa hoteli ya sanaa ya Marvel. Jiji likawa nyumba ya maonyesho ya mashujaa wa kampuni.

Mtu anaweza kusema kwamba hapa mapambo hayajapungua, bali yameongezeka. Ukutani kuna picha nyingi kuliko zamani. Pingamizi hilo linahesabu vitu bila kuangalia kazi ya vitu hivyo. Mhusika wa filamu anapoingia chumbani, nafasi ya mhusika inakuwa imeshajazwa. Mgeni hana tena kisiwa cha kufikia. Ana Moana wa kutazama. Kutoka kuwa mtendaji anashushwa kuwa hadhira, na hadithi anayoitazama ana hakika ya mwisho wake kwa sababu ameshaiona nyumbani.

Jambo la pili ni la umiliki. Mapambo ya mahali, hata yakiwa na makosa, yanakiri kwamba kuna chanzo nje ya kampuni. Kitambaa cha Samoa au Tonga kilichoigwa vibaya bado kinamrejesha mtazamaji Samoa au Tonga, na mtu wa huko anaweza kusimama na kusema: hivi sivyo. Picha ya mhusika wa filamu haikosolewi kwa namna hiyo, kwa kuwa chanzo chake ni kampuni yenyewe. Kwa njia hii, mahali palipokuwa na wenyewe panageuzwa kuwa mali ya kazi ya ubunifu yenye hakimiliki. Lugha ya kusahihisha inanyamazishwa kwa kuondolewa kitu cha kusahihishwa.

Mfano wa Caribbean Beach, iliyofunguliwa mwaka 1988, unaonyesha hatua hizo zikifuatana. Majengo yake yaligawanywa katika vijiji vyenye majina ya visiwa halisi: Martinique, Barbados, Trinidad, Jamaica na Aruba. Mwaka 2009 sehemu ya Trinidad ilipewa vyumba vya maharamia, vyenye vitanda vya umbo la merikebu. Baadaye maharamia nao wakaondolewa, na mahali pao pakaingia mapambo ya filamu ya The Little Mermaid. Katika mabadiliko yote hayo jina la Trinidad limebaki kwenye kibao. Kisiwa chenyewe kimebaki kuwa anwani tu.

4.0 Njia ya Pili: Weupe

Njia ya pili ni ya kuondoa pasipo kuweka. Hoteli ya Pop Century, iliyofunguliwa mwaka 2003, inasimulia miongo ya karne ya 20. Nje ya majengo yake kuna vitu vikubwa kupita kiasi vinavyotambulisha kila muongo, kama vile mche wa rangi wa Rubik na pini za mchezo wa bolingi zenye kimo cha ghorofa. Ukarabati wa mwaka 2017 na 2018 uliacha vitu hivyo vilivyo. Ndani, vyumba vilipata sakafu ngumu badala ya zulia, kuta nyepesi, mashuka meupe, na kitanda cha pili kinachokunjwa ukutani na kuwa meza. Mgeni anapita chini ya alama za muongo wa 1950 au wa 1980, kisha anafungua mlango na kuingia katika chumba kilekile. Picha chache zilizosalia ukutani haziwezi kumwambia yuko muongo gani.

Chanzo cha weupe huu hakiko Disney peke yake. Mwaka 1999 kampuni ya hoteli ya Westin ilianzisha kitanda kilichovishwa meupe matupu, nacho kikawa kielelezo kwa sekta nzima. Kabla ya hapo, tandiko la hoteli lilikuwa la rangi na maua, na wageni wengi walishuku kwamba rangi hizo zilificha uchafu. Shuka jeupe halifichi; linaposafishwa linaonekana limesafishwa. Zaidi ya hayo, shuka jeupe la chumba kimoja linafaa chumba kingine, hufuliwa pamoja na mengine kwa maji ya moto bila hofu ya kuchujuka, na likichakaa hununuliwa jingine bila kuagizwa kwa mtindo maalumu. Tandiko lenye nakshi za hoteli moja halina wepesi huo. Sakafu ngumu nayo husafishwa upesi kuliko zulia, na haihifadhi vumbi.

Sababu hizi ni za kweli na hazifai kubezwa. Mzazi anayelala na watoto wawili katika chumba kidogo ananufaika na kitanda kinachokunjwa kuliko na pazia lenye hadithi. Ila hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayolazimisha ukuta uwe mtupu, mbao ziwe za rangi ileile, au taa ziwe za umbo lilelile katika hoteli zenye majina tofauti. Usafi unaeleza shuka. Haumalizi kueleza chumba. Kilichobaki kinaelezwa na urahisi wa kununua vitu vingi vya aina moja, na pia na fasheni ambayo imeufanya utupu uonekane kuwa ustaarabu.

5.0 Jina la Kiswahili na Chumba Kisichojua Kiswahili

Animal Kingdom Lodge ilifunguliwa mwaka 2001, kazi nyingine ya Peter Dominick. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoteli hii ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa Kiswahili kimetandazwa kote: jengo la Jambo House, jengo la Kidani Village lililoongezwa mwaka 2009, migahawa ya Jiko, Boma na Sanaa, duka la Zawadi, bwawa la Uzima. Katika bustani ya wanyama iliyo jirani, iliyofunguliwa mwaka 1998, upo mji wa kubuni wa Harambe, uliopoteza herufi moja ya neno ambalo Wakenya wanaliona kwenye nembo yao ya taifa.

Uchaguzi wa majina haya una uzuri na una kasoro. Jiko kwa mahali pa kupikia ni sahihi, na Kidani ni neno lenye umbuji kwa jengo lililopinda. Kwa upande mwingine, ukumbi wa mazoezi na ukandaji uliitwa Zahanati. Mtanzania anayelisoma jina hilo mlangoni atatarajia daftari la wagonjwa, mizani ya watoto na foleni ya dawa. Atakayekuta mashine za kukimbilia atajua papo hapo kwamba neno lilichaguliwa kwa mlio wake. Usanifu nao unachanganya: jengo limepinda kwa kufuata maboma ya mifugo ya kusini mwa Afrika, ukumbi mkuu una kinyago kikubwa cha Ijele cha Waigbo wa Nigeria, na vibao ni vya Kiswahili. Bara zima limewekwa chini ya paa moja la nyasi.

Vyumba vya miaka ya mwanzo viliendeleza mchanganyiko huo. Vilikuwa na samani za mbao nyeusi zilizochongwa, vitambaa vyenye nakshi nzito, na juu ya vitanda kitambaa chepesi kilichoning'inizwa mfano wa chandarua. Kitambaa hicho kinastahili kuhakikiwa kwa haki. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, chandarua ni zana ya kinga dhidi ya malaria. Hugawiwa kliniki kwa mama mjamzito, na kikitoboka hushonwa. Kukining'iniza Florida kama pambo la mahaba ya safari ni kuigeuza hatari ya wengine kuwa urembo wa likizo. Kejeli ya Binyavanga Wainaina katika insha yake ya mwaka 2005 kuhusu namna Afrika inavyoandikwa inakifaa kitambaa hicho bila kubadilishwa neno. Katika ukarabati uliofuata, vitambaa vya aina hiyo viliondolewa, mazulia yakapungua, na tandiko likaelekea kwenye weupe wa sekta nzima. Nakshi za mbao zimesalia kwa kiasi, na kwa hili hoteli hii imehifadhi zaidi kuliko dada zake nyingi.

Je, basi, kuondoka kwa chandarua ni hasara? Kikitazamwa peke yake, si hasara. Hasara inaonekana pale kinapoangaliwa kilichokuja badala yake. Kosa la chandarua lingeweza kusahihishwa kwa ujuzi: kwa mkeka wa ukindu uliosukwa kweli, kwa kanga yenye jina lake, kwa kitanda cha samadari, kwa zidaka ukutani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, zidaka ni vishubaka vilivyochongwa kwenye ukuta wa ndani, vikiwekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani vya ukoo. Pambo hilo halikubandikwa juu ya nyumba. Limejengwa pamoja nayo, na linamweleza mgeni ni nani aliyemkaribisha. Hoteli iliyotumia Kiswahili kwa wingi kiasi hicho ilikuwa na hazina hii ya kuichota. Badala ya kusahihisha, ikapunguza. Kosa likaondoka pamoja na nafasi ya kulirekebisha, na jina likabaki mlangoni likitangaza lugha ambayo chumba chenyewe hakiijui.

Kipo kitu kimoja ambacho ukarabati haukukigusa: dirisha. Kutoka kwenye baraza za vyumba vingi mgeni bado anawaona twiga na pundamilia wakila majani. Mandhari yamehamia nje ya chumba. Lakini mandhari yaliyobaki ni ya wanyama pekee. Vilivyopungua ni vile vilivyofanywa na mikono ya watu, yaani uchongaji, ufumaji na nakshi. Afrika inayosalia baada ya ukarabati ni Afrika ya mbuga, iliyo na twiga na isiyo na fundi seremala. Huu ndio ufinyu uleule ambao wataalamu wa utalii wa Afrika Mashariki wamekuwa wakihangaika kuuvunja.

6.0 Hoja Kinzani

Hoja kinzani iliyo nzito zaidi inatokana na hoteli ya Star Wars: Galactic Starcruiser, iliyofunguliwa mwezi Machi 2022. Hapa mapambo ya kimaudhui yalifikishwa kileleni: chumba kilikuwa chumba cha chombo cha anga, dirisha lilionyesha nyota, na mgeni alikuwa mhusika kwa siku mbili mfululizo. Ilifungwa mwezi Septemba 2023, baada ya mwaka mmoja na nusu. Wapo wanaoona hapa ushahidi kwamba wageni hawataki tena maudhui ya namna hiyo.

Ushahidi huo haufiki mbali kiasi hicho. Hoteli hiyo iliuzwa kwa maelfu ya dola kwa usiku mbili tu, nayo ilimlazimu mgeni kuigiza tangu asubuhi hadi usiku. Kilichoshindwa ni bei na ulazima, vitu ambavyo chumba cha Wilderness Lodge au cha Polynesian ya zamani hakikuwa navyo. Mandhari mazuri hayamlazimishi mtu, yanamngoja. Mgeni aliyechoka analala, na aliye macho anasoma ukuta. Kati ya chombo cha anga kinachodai uigizaji wa saa zote na chumba cheupe kisichosema lolote, upo uwanja mpana ambao hoteli hizi ziliutumia kwa miongo kadhaa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kufifia kwa mapambo ya kimaudhui ni mambo mawili. La kwanza ni kubadilisha mandhari kwa wahusika, ambako kunampokonya mgeni nafasi yake na kupokonya mahali haki ya kuwa chanzo. La pili ni weupe, ambao una sababu za usafi na gharama, lakini umevuka mipaka ya sababu hizo. Katika yote mawili, majina yamedumu kuliko vitu, kwa kuwa jina ndilo pambo lisilo na gharama: halifuliwi, halichakai, wala halihitaji fundi.

Hapo ndipo suala hili linapowagusa wapangaji wa sera za lugha na utamaduni katika ukanda huu. Kiswahili kinapoombwa kama jina la hoteli, mgahawa au bustani, ndani au nje ya Afrika Mashariki, huwa kinapokelewa kama sifa, na mazungumzo huishia hapo. Vyombo kama BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vina nafasi ya kuyaendeleza mazungumzo hayo kwa hatua mbili zaidi. Kwanza, kutoa ushauri wa majina kwa wanaohitaji, ili zahanati isiwe ukumbi wa mazoezi. Pili, kuliambatanisha jina na kazi ya mikono, kwa kuwa na orodha ya wachongaji, wasusi na wafumaji ambayo mwenye hoteli anaweza kukabidhiwa siku ileile anapokabidhiwa neno. Hoteli za Zanzibar, Mombasa na Lamu zinazofanyiwa ukarabati zinakabiliwa na vishawishi vilevile vya shuka jeupe na samani za katalogi, na hazina udhuru wa umbali.

Mwenyeji wa Kiswahili humkaribisha mgeni kwa neno, kisha humwonyesha mahali pa kukaa. Hoteli iliyobaki na neno peke yake imefanya nusu ya ukaribishaji, na wenye lugha wanayo haki ya kuidai nusu iliyosalia.